Jibu la Swali la Tatu

Swali nilitunga mwenyewe, usiku, umeme umekatika:
Chagua nchi moja ndogo. Eleza jiografia yake,
hali ya hewa, na mila za dini za watu wake.
Nilitarajia Komoro. Nilitarajia Lesotho,
na dawati la nyuma lote Rwanda, kwa kuigiziana.

Daftari la thelathini na moja, jalada lina mafuta ya maandazi.
Tatu Kibwana, Magomeni Suna.

"Nchi yangu ina vyumba sita," ameandika,
"vitatu kushoto, vitatu kulia, na ukumbi katikati
ndio bonde la ufa; humo hulala pikipiki ya Lupogo.
Kaskazini imepakana na gereji ya Fundi Chande,
kusini na ukuta ulioanguka,
mashariki na watu tusiosalimiana nao tangu kesi ya kuku,
magharibi na Mto Msimbazi,
ambao hauna adabu, huingia bila hodi."

Hapo nilicheka, peke yangu, kama mwehu.

"Hali ya hewa inategemea chumba.
Kwa Bi Mwantumu, mwenye nyumba, kuna dari:
huko ni kipupwe mwaka mzima.
Kwetu ni bati tupu. Saa nane mchana linalia ta! ta!
na mama, kwa kuwa sasa ni mzito,
huhamia ukumbini na mkeka.
Kwa Lupogo hunyesha hata nje kukishaanuka,
maana bati lake huweka akiba.
Masika tunapanda vitandani, vitanda juu ya matofali,
unga juu ya kabati.
Hiyo ndiyo milima yetu.

"Dini ni mbili, na ya tatu haisemwi.
Bi Mwantumu huamka mapema, kikohozi chake huitangulia adhana.
Mama Aikande ni Mlutheri, anakuna nazi akiimba sauti ya pili,
hata kama ya kwanza haipo.
Lupogo ni Mkatoliki wa Matombo, lakini Pasaka tu.
Mwaka ule Ramadhani ilipokutana na Kwaresima
mchana liliwaka jiko moja, la mtoto mwenye surua,
na harufu ya uji wake
ikatutesa Waislamu kwa Wakristo, bila upendeleo.
Maji ya bomba hutoka Jumanne, saa tisa usiku.
Ndoo hujipanga. Haziulizwi
ipi ya kutawadha, ipi ya kuchemshia kande.

"Ya tatu ni hii: mto ukifika kizingitini
Bi Mwantumu hutoka na chetezo,
huuita kwa jina la marehemu mumewe,
huuambia, Yatosha, baba, umeshatuona.
Sote tunanyamaza.
Hata Mama Aikande hufumba macho.

"Mwezi wa sita walikuja watu na kopo la rangi,
wakatuchora X nyekundu ukutani.
Bi Mwantumu kaisugua kwa limau na majivu.
Imekuwa ya waridi. Haijatoka."

Kalamu niliyoshika ilikuwa nyekundu.
Niliitazama.
Nikaiweka mezani, nikaenda kutafuta penseli
kwenye mkoba wa mwanangu aliyelala.

Kumi na tisa kwa ishirini, nikaandika,
kwa ule ubahili tuliofundishwa chuoni,
na pembeni: Hujataja idadi ya watu.

Jumatano daftari likarudi juu ya rundo,
pembeni pangu pamejibiwa kwa wino wa bluu:

"Mwalimu, nilikuwa nasubiri.
Kumi na saba.
Wa mwisho kafika jana, ndoo ya nne ikijaa.
Ana kilo mbili na nusu, jina bado.
Bi Mwantumu ndiye aliyempokea, Mama Aikande akachemsha wembe,
na Lupogo alishika tochi,
kageukia ukutani, mkono nyuma,
anauliza kila dakika kama mwanga unafika."